Majoka sokoni: biashara ya sanamu za udongo wa polima

Udongo wa polima, malighafi ya majoka, nguva, mazimwi na vibwengo wanaonunuliwa na wapenzi wa hekaya katika Ulaya, Marekani na Japani, hauchimbwi ardhini. Ni unga wa plastiki ya PVC uliokandwa pamoja na kilainishi, vijazio na rangi hadi ukawa donge linalofinyangika. Tofauti na ule wa vyungu, haukauki kwa hewa. Hubaki laini kwa miezi mingi mpaka uingizwe katika oveni ya jikoni, ambapo chembe za PVC hunyonya kilainishi na kushikamana. Chapa ya Sculpey huokwa kwa nyuzi 130 za Selsiasi, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Ile ya Fimo hutosheka na nyuzi 110. Joto likizidi mno, udongo huungua na kutoa gesi inayowasha macho na koo. Kwa kuwa hauna haraka, mtu asiye na tanuri wala karakana anaweza kufinyanga mezani usiku baada ya kazi, akaacha, akaendelea kesho yake.

Viwanda vikubwa vya udongo huu havikuanza na nia ya kuwahudumia wachongaji. Nchini Ujerumani, mtengeneza wanasesere Käthe Kruse alipata mwaka 1939 plastiki ya kujaribia vichwa vya wanasesere wake. Haikumfaa kiwandani, akamwachia bintiye Sofie, aliyeitwa Fifi nyumbani, naye akaitumia kwa sanaa. Mwaka 1964 maarifa hayo yaliuzwa kwa kampuni ya Eberhard Faber, na udongo ukatoka sokoni kwa jina la Fimo. Leo ni mali ya Staedtler ya Nuremberg. Sculpey nayo, ya jimbo la Illinois nchini Marekani, ilibuniwa ili kuondoa joto katika transfoma za umeme. Ilishindwa kazi hiyo, na tangu miaka ya 1960 imekuwa ikiuzwa kama udongo wa kufinyangia. Kampuni ya Polyform Products, inayoitengeneza, huuza aina ya Super Sculpey katika visanduku vya ratili moja, yaani gramu 454.

Sanamu ya sentimita 20 haimalizi kisanduku hicho, kwa sababu ndani yake si udongo mtupu. Kwanza hukunjwa kiunzi cha waya wa alumini, kikavikwa karatasi ya alumini iliyofinywa barabara ili kujaza kifua na mapaja, ndipo udongo ukapakwa juu kwa tabaka jembamba. Tabaka nene hupasuka likiokwa. Macho ya kioo hupachikwa mapema, maana uso hujengwa kuyazunguka. Mabawa na pembe huokwa peke yake kisha kuunganishwa. Mchonga mpingo patasi ikimponyoka hana pa kurudi, ila mfinyanzi wa polima huondoa pua asiyoipenda na kuweka nyingine, na hata baada ya kuoka anaweza kuongeza udongo mbichi na kuoka tena. Uhuru huo una gharama: kazi haijui kwisha. Magamba ya joka hubandikwa au kuchorwa moja moja, na hakuna mashine inayoharakisha jambo hilo.

Hesabu yake ni chungu. Ikichukuliwa sanamu moja iliyofinyangwa kwa saa 40 na kuuzwa dola 300 katika Etsy, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2005, ada ya kuweka tangazo ni senti 20 na kamisheni ni asilimia 6.5, yaani dola 19.50. Zinazobaki zikigawanywa kwa saa hizo, kila saa imelipwa takriban dola 7, kabla ya udongo, rangi, umeme na ada ya malipo. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa. Kamisheni hiyo hukatwa hata kwenye nauli ya kifurushi, na nguva mwenye vidole vyembamba hahitaji safari ndefu ili avunjike.

Kwa hiyo faida hutafutwa kwenye nakala. Sanamu iliyookwa humiminiwa silikoni, ikatoka kalibu, na kalibu ikamiminiwa resini ya poliyurethani inayoganda kwa dakika chache. Kalibu moja hutoa nakala kadhaa kabla ya silikoni kuchanika. Japani imeipa biashara hii sura yake kamili: huko vipande vya resini huuzwa bila kupakwa rangi, na mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Maonyesho ya Wonder Festival, yaliyoanza mwaka 1985 na ambayo sasa hufanyika Makuhari Messe mkoani Chiba, hutumia utaratibu wa busara. Mwenye haki ya mhusika wa katuni humpa mfinyanzi wa kujitegemea leseni ya siku moja tu, ukumbini humo tu.

Kwingineko haki miliki ni mwiba. Joka ni la watu wote, lakini hobiti, kiumbe wa riwaya za J.R.R. Tolkien, ana mwenyewe. Wachapishaji wa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, walilazimika kuliondoa jina hilo baada ya wenye haki za kazi za Tolkien kulalamika. Ndiyo maana mfinyanzi mwangalifu hubuni kiumbe wake mwenyewe, hata kama mhusika maarufu angeuzika upesi zaidi.

Ushindani mkali zaidi sasa unatoka kwenye kompyuta. ZBrush, programu iliyozinduliwa mwaka 1999, humwezesha mchongaji kufinyanga kwa kalamu ya kielektroniki, kurudisha nyuma kila kosa na kubadili ukubwa wa umbo bila kuanza upya. Printa za resini ziliposhuka chini ya dola 500 mwishoni mwa muongo wa 2010, wachongaji wengi waliacha kusafirisha sanamu na kuanza kuuza mafaili, baadhi yao kwa michango ya kila mwezi kupitia tovuti ya Patreon. Faili halivunjiki njiani, ila huibwa kwa sekunde moja. Waliobaki na udongo wameelekea kwenye sanamu za pekee zenye nywele za mbuzi, nguo zilizoshonwa na macho ya kioo, ambazo printa haitoi zikiwa tayari. Viwanda vya udongo vyenyewe havitegemei majoka: watengenezaji wa hereni na shanga hununua udongo uleule.