Sombe inakauka juu: kabla ya kutia dawa, geuza jani

Kila mwaka mvua ikikatika, kuanzia mwezi wa tano mpaka ule wa kumi, swali ni lile lile, Kikula, Panda, Shituru na hapa katikati ya mji: «Sombe yangu iko inakauka juu, niweke dawa gani?» Majani machanga ya kwenye ncha yanapata vidoti vya manjano, yanabaki membamba na madogo, kisha yanaanguka. Shina linabaki na kichwa kikavu. Mama anayeishi kwa kuuza sombe anapoteza soko lake palepale. Yule anayengojea mihogo kwa unga wa bukari ataona hasara mwaka kesho, sababu mmea usio na majani hauna cha kulishia mizizi.

Wengine wanasema ni moshi wa viwanda. Inawezekana, lakini moshi hauchagui: ukiunguza mihogo, utaona alama hata kwenye mimea mingine ya jirani. Wengine wanasema ni mozaiki. Jani la mozaiki limejikunja na lina mabaka makubwa ya kijani na manjano, na mvua ikirudi ugonjwa unabaki. Hapa ni vidoti vidogo kama vya sindano, na mvua ikirudi majani mapya yanatoka mazima. Basi geuza jani changa, uangalie upande wa chini kwenye mwangaza, hata kwa kamera ya simu. Ukiona vitu vya kijani-manjano vinatembea polepole, havifiki hata milimita moja, hao ndio utitiri wa kijani wa mihogo. Ni jamaa ya buibui na kupe, wenye miguu minane, wanaofyonza maji ya jani. Mtu hawamuumi.

Si wa huku kwetu. Asili yao ni Amerika ya Kusini, sawa na mihogo yenyewe. Katika Afrika walionekana kwanza Uganda, mwaka wa 1971, na kwa miaka kama 15 wakaenea karibu kila nchi inayolima mihogo. Upepo unawabeba, na sisi pia tunawabeba, kwa vijiti vya kupanda tunavyopeana kijiji kwa kijiji. Mvua inawaosha, jua la kiangazi linawapa nafasi ya kuzaana.

Sasa ile dawa. Tatizo la kwanza liko sahanini: majani yanayoshambuliwa ndiyo yale yale tunayochuma kwa sombe. Chupa isiyo na etiketi iliyonunuliwa sokoni haikwambii ungoje siku ngapi mbele ya kuchuma, na kutwanga na kuchemsha si njia ya kuaminika ya kutoa sumu. Tatizo la pili halionekani kwa haraka: dawa nyingi za kuua wadudu zinaua pia adui wa utitiri, na wale utitiri waliobaki wanazaana bila wa kuwazuia. Mtu anarudi kununua chupa nyingine.

Huyo adui ni utitiri mwenzake, ila yeye anakula nyama. Watafiti wa IITA, shirika la utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walimtafuta Brazili, kule kunakotoka wale wa kijani, na mwaka wa 1993 wakamwachilia katika mashamba ya Benin. Jina lake la kisayansi ni Typhlodromalus aripo. Amejieneza katika nchi nyingi za Afrika, na kule Benin mavuno ya mihogo yalipanda karibu theluthi moja pale alipokaa. Hakuna mkulima aliyelipa kitu.

Tabia yake ndiyo inayotuhusu sisi walaji wa sombe. Mchana analala ndani ya ncha ya mmea, katikati ya vijani visivyofunguka bado. Usiku anashuka kuwinda kwenye majani ya chini yake. Fungua ncha taratibu: ukiona kitu cheupe-cheupe kinakimbia mbio, ndiye. Anapenda aina za mihogo zenye ncha ya manyoya kuliko zile laini.

Kwa hiyo namna ya kuchuma ina maana. Ukikata ncha zote za shamba, umepeleka mwindaji kwenye kinu pamoja na sombe. Chuma majani machanga yaliyokwisha kufunguka, ncha yenyewe uiache, au basi uiache kwenye mashina mengi. Najua soko linapenda ile laini ya juu kabisa! Hata nusu ya shamba ikibaki na ncha zake ni kitu.

Wakati wa mvua utitiri wa kijani wanapungua, na mwindaji angekufa njaa, lakini anaweza kuishi pia kwa unga wa maua ya mahindi. Ile desturi ya wazee ya kuchanganya mihogo na mahindi inamsaidia bila sisi kujua. Kama shamba la jirani lina wawindaji na lako halina, kata ncha chache kwake jioni, uzibane katikati ya vikonyo vya majani ya mimea yako, karibu na ncha. Fanya hivyo kwa jirani tu, na kwa mimea isiyo na mozaiki. Kuleta kutoka mbali ni kuleta magonjwa.

Kwa kupanda, usingoje mvua ziende katikati: mmea wa miezi miwili mpaka tisa ndio unaoumia zaidi, na uliopandwa mapema unaingia kiangazi ukiwa na nguvu. Kata vijiti kwenye sehemu ngumu ya shina lililokomaa, bila majani. Ukiwa na shaka navyo, changanya maji yanayochemka na maji baridi, kiasi sawa, uvitie humo dakika 5 mpaka 10, kisha upande siku ile ile. Kwa aina zinazovumilia, INERA ina kituo Kipopo, karibu na Lubumbashi. Unapouliza, uliza na mozaiki pia, maana aina inayoshinda mmoja si lazima imshinde mwingine.