Matumbawe Yakipauka, Usikimbilie Dawa

Swali la juma hili limetoka Old Moshi, mahali ambapo maji ya chumvi yanayojulikana zaidi ni yale ya sufuriani. Muulizaji ana tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya bahari, samaki wawili watatu na matumbawe hai. Anasema matumbawe yaliyokuwa ya kahawia na kijani yamepauka katika muda wa majuma mawili, mengine yamekuwa meupe kama chaki. Jirani amemshauri atie dawa. Dawa gani, jirani hakusema.

Namwomba kwanza asitie chochote. Tumbawe si jiwe, wala si mmea, ingawa linafanana na vyote viwili. Ni mnyama, au tuseme ni ukoo mzima wa vinyama vidogo vinavyojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama yao wamo wapangaji, vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Wapangaji hawa hupika chakula kwa mwanga kama lifanyavyo jani la mgomba, na kodi wanayolipa ni kubwa: hadi asilimia 90 ya nguvu anazotumia mwenye nyumba hutoka kwao. Ile rangi ya kahawia ni yao. Nyama ya tumbawe lenyewe mara nyingi ni kama kioo, na wapangaji wakihama unaona chokaa nyeupe kupitia humo.

Kwa hiyo tumbawe lililopauka ni mnyama mwenye njaa. Bado si maiti. Hebu achukue tochi usiku, amulike kwa upande, na atazame kwa subira. Akiona vimikono vinatoka, au utando laini bado umefunika chokaa, uhai upo. Akiona chokaa tupu, na utelezi wa kijani umeanza kuota juu yake, hapo pamekwisha kufa. Tena kuna weupe wa namna nyingine kabisa: nyama yenyewe inabanduka, mara nyingi ikianzia chini kwenye shina, na kuacha chokaa safi. Huo hauitwi kupauka. Ni ugonjwa, au maji yaliyochafuka madini yake, au kuna kiumbe anayekula. Baharini yuko kiti cha pweza mwenye miiba, ambaye huacha mabaka meupe nyuma yake; nyumbani chunguza konokono, na samaki wenye tabia ya kudonoadonoa.

Baada ya hapo swali ni moja: weupe uko wapi? Watu wa Old Moshi wanalijua swali hili kuliko wanavyodhani, maana wamelima kahawa. Bwana shamba mzuri akiona majani yamekuwa manjano hakimbilii mfuko wa mbolea. Anatazama ni majani yapi. Yakianza ya chini, yale makuukuu, hushuku upungufu wa naitrojeni. Yakiwa machanga ya juu, yenye mishipa iliyobaki kijani, hushuku chuma. Na mche uliotolewa kitaluni ukapandwa juani bila kivuli cha migomba huungua upande wa jua, hata kama udongo ni mzuri.

Tumbawe huungua vivyo hivyo. Weupe ukiwa upande wa juu tu, na chini kwenye kivuli rangi imebaki, mshukiwa wa kwanza ni taa. Je, amefunga taa mpya za LED? Amelisogeza tumbawe karibu na uso wa maji? Hata kusafisha kioo kilichokuwa na ukungu kwa miezi huongeza mwanga kwa ghafla. Apunguze saa za taa au alishushe tumbawe, kisha aongeze mwanga kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Weupe ukienea pote, apime joto. Matumbawe ya tangini hustarehe kati ya nyuzi 24 na 27. Moshi mjini mwezi wa Februari, tangi lenye taa juu yake na kifuniko laweza kupita 30 kabla ya saa tisa alasiri. Lakini kule juu Old Moshi, mwezi wa Julai, mimi ningeshuku baridi kwanza. Wengi hawajui kwamba baridi nayo hupausha. Januari 2010 baridi kali iliua matumbawe mengi huko Florida, Marekani. Umeme ukikatika usiku kucha, kipasha joto kikizima na pampu pia, tangi dogo hupoa haraka kuliko bahari yoyote.

Joto na mwanga vikiwa sawa, basi hushuku njaa. Hili huwapata watu wasafi. Mtu anaweka machujio matatu, samaki wachache, chakula kidogo, mpaka naitreti na fosfeti zinafika sifuri. Wapangaji wetu wanahitaji mbolea kidogo. Weupe wa njaa huja polepole, na hufika hata kwenye kivuli.

Chumvi pia ipimwe: kiasi cha gramu 35 kwa lita. Maji yanapokauka chumvi hubaki, hivyo pengo hujazwa kwa maji baridi yaliyosafishwa, si ya chumvi, wala si ya bomba moja kwa moja. Kuna aliyeniuliza kama kosa ni floraidi, ile inayotia meno ya watu wa huku rangi ya kahawia. Sidhani. Bahari yenyewe ina floraidi, kiasi cha miligramu 1.3 kwa lita. Ningeogopa zaidi klorini na shaba ya mabomba.

Kwamba dawa si jibu, bahari yetu ilionyesha mwaka 1998. Kati ya Machi na Mei, wakati wa El Niño, maji ya pwani ya Afrika Mashariki yalipata joto kupita kawaida. Nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida cha kiangazi, ikidumu majuma kama manne, hutosha kupausha. Misali kule Pemba na Tutia kule Mafia matumbawe mengi sana yalikufa. Miamba iliyo karibu na mji wa Unguja iliumia kidogo zaidi. Pale palipopona, palipona kwa sababu joto lilishuka mapema na wapangaji wakarudi. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2016 na 2024.

Basi ndugu yetu apime joto mara mbili kila siku, alfajiri na saa tisa alasiri, aandike kwenye daftari kwa juma zima. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Alishe tumbawe usiku, vipande vidogo mno vya dagaa wa maji, lisife njaa likingoja wapangaji. Wala asinunue jingine sasa hivi kuziba pengo. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa CITES na hayavuki mpaka bila kibali, na lile la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto, huenda lilikua sentimita moja tu kwa mwaka.