Kitovu Kilichochomoza: Sarafu Haitibu



Hapa Mbumbuni, kama kwingine, utaona mtoto ambaye kitovu chake kimechomoza, na akilia kinazidi kufura. Wengine husema mkunga alikifunga vibaya. Wengine humlaumu mama kwa kumwacha mtoto alie. Halafu inatafutwa sarafu, inafungwa juu ya kitovu kwa kitambaa. Tuyaangalie mambo haya pamoja.

NGIRI YA KITOVU NI NINI?

Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa mrija wa kitovu. Mrija huo hupita kwenye tundu dogo katika misuli ya tumbo lake. Akizaliwa, tundu hujifunga polepole. Kwa watoto wengine, sana sana waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, huchelewa kujifunga. Hapo kipande cha utumbo au mafuta husukumwa nje.

Kwa hivyo si kosa la mkunga. Yeye hufunga mrija nje, hagusi misuli. Wala si kosa la mama. Kilio husukuma tu utumbo kwenye tundu ambalo tayari lipo.

NA SARAFU JE?

Watoto wengi hupona wenyewe kabla ya miaka 5. Ndiyo maana sarafu imepata sifa isiyo yake: tundu lingejifunga hata bila hiyo sarafu. Lakini hasara yake ni ya kweli. Inaweza kuleta kidonda, na kama kitovu cha mtoto mchanga hakijakauka, uchafu unaweza kumletea pepopunda. Kitovu kiachwe kisafi na kikavu.

Tundu likiwa kubwa, au mtoto akipita miaka 5 bila kupona, apelekwe kwa daktari. Upasuaji wake si mkubwa.

USINGOJE ASUBUHI

Mpeleke hospitali mara moja ukiona:
- uvimbe umekuwa mgumu na haurudi ndani;
- mtoto analia kwa maumivu ukigusa;
- anatapika, au tumbo limejaa;
- ngozi ya uvimbe imebadilika rangi.

Hapo utumbo umebanwa na unaweza kuoza.

AINA NYINGINE

Ngiri ya kinena: uvimbe huu huwa kwenye kinena, au kwenye mfuko wa korodani kwa mvulana. Hii haijifungi yenyewe. Mtoto aonwe na daktari mapema.

Utumbo ulio nje: mara chache mtoto huzaliwa matumbo yakiwa nje kabisa, au ndani ya mfuko mwembamba. Hiyo si laana. Usiyarudishe ndani. Yafunike kwa plastiki safi, mtoto awe na joto, asipewe kitu kwa mdomo, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Wako waliopona kwa kufikishwa mapema.

Watu wazima: mama aliyezaa mara nyingi, au mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu, anaweza kupata ngiri. Ya mtu mzima haiponi yenyewe. Mwanachama wa namna hii asilazimishwe kuchimba matuta wala kubeba mtungi wa lita 20. Apewe kazi nyepesi mpaka atibiwe.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Tengeni pesa kidogo za nauli ya dharura. Ngiri iliyobanwa usiku haingoji mchango wa Jumapili.
2. Jueni ni nani mwenye gari au pikipiki, na nambari yake ya simu. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Wote, na safari inataka mpango.
3. Jiandikisheni na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, na mlipe mchango wenu.

YA KUJADILI KIKUNDINI

Je, kuna mama kwetu anayemficha mtoto kwa aibu ya kitovu? Nani atamtembelea wiki hii? Na mtoto akizidiwa usiku wa leo, nani ataamshwa kwanza?