Nani Huamua Ulipwe? Jinsi Kampuni ya Bima Inavyofanya Kazi kwa Ndani

Mfugaji akikata bima ya ng'ombe wake wa maziwa, mtu anayemjua ni mmoja tu: ajenti aliyefika nyumbani na fomu. Ng'ombe akifa, simu ya kwanza hupigiwa ajenti huyo. Siku zikipita bila fidia, lawama zote humwangukia yeye. Lakini kwa kawaida ajenti hana mamlaka ya kuidhinisha malipo. Uamuzi hufanywa katika ofisi nyingine, na watu ambao mfugaji hajawahi kukutana nao. Kujua kazi ya kila mmoja wao kunaweza kumwokolea mwananchi muda na pesa.

Juu kabisa ya kampuni kuna bodi ya wakurugenzi, ambayo huweka sera, na afisa mkuu mtendaji, ambaye huzitekeleza. Chini yao kuna idara mbalimbali.

Mauzo

Hapa ndipo wanapopatikana maajenti. Ajenti huiwakilisha kampuni na hulipwa kamisheni kwa kila bima anayouza. Dalali wa bima ni tofauti: yeye humwakilisha mteja na humtafutia bima inayomfaa katika kampuni kadhaa. Wote wawili lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima nchini, inayojulikana kwa kifupi kama IRA.

Kupima hatari

Fomu ikitoka kwa ajenti huenda kwa maafisa wanaopima hatari. Wao ndio huamua kama kampuni itakubali kukata bima hiyo, kwa ada gani na kwa masharti gani. Kwa ng'ombe, hutazama umri, thamani na ripoti ya daktari wa mifugo. Wataalamu wa hesabu za bima huwasaidia kukadiria ni mifugo wangapi kati ya waliokatiwa bima huenda wakafa kwa mwaka, ili ada zinazokusanywa zitoshe kulipa fidia.

Madai

Idara hii ndiyo huamua nani alipwe. Hupokea taarifa ya hasara, hutuma mkadiriaji au kudai ripoti ya daktari, kisha hulinganisha tukio hilo na mkataba. Pia hufungua tena fomu ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukwama. Kama ajenti aliandika kwamba ng'ombe hajawahi kuugua, na mfugaji akatia sahihi bila kusoma, kosa hilo linaweza kuhesabiwa kuwa la mfugaji.

Fedha na uwekezaji

Ada za wateja hazikai tu zikisubiri hasara. Sehemu yake huwekezwa, kwa mfano katika hati za dhamana za serikali. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inataka fedha za bima ya maisha zitengwe na za bima nyinginezo, ili akiba ya mzazi ya karo isitumiwe kulipia magari yaliyogongana.

Bima ya kampuni yenyewe

Ukame au mafuriko yakiua mifugo wengi kwa wakati mmoja, kampuni moja inaweza kulemewa. Kwa hivyo nayo hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, kama vile Kenya Re, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1970.

Mkazi afanye nini?

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kampuni na ajenti wana leseni ya mwaka huu. Lipa kupitia akaunti ya kampuni yenyewe, wala si simu ya ajenti, na uhifadhi risiti. Kisheria, bima haianzi kabla ya kampuni kupokea ada. Soma fomu yote, au msomewe na mtu unayemwamini, kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala.

Hasara ikitokea, usiishie kwa ajenti. Toa taarifa kwa idara ya madai mara moja na uombe nambari ya dai lako. Usimzike ng'ombe wala kuondoa hereni yake ya sikio kabla ya daktari wa mifugo kumkagua na kuandika ripoti. Kwa ajali ya barabarani au wizi, piga ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumiwa. Usiporidhika, andikia wasimamizi wa kampuni, kisha upeleke malalamiko kwa IRA ukiambatisha nakala za fomu, risiti na barua. Na kampuni ikiporomoka kabla ya kulipa, kuna hazina maalum ya kuwafidia wenye bima, iliyoundwa chini ya sheria hiyo hiyo.

Ajenti ni mlango tu. Mwenye kujua vyumba vilivyo nyuma ya mlango huo hujua abishe wapi.