Kutoka Shela Hadi Kipungani kwa Miguu



Vijana wa hapa Juja wamekuwa wakiniuliza habari za ule mwendo wa Lamu, kwa sababu kikundi kingine kinajiandaa kwenda. Nimeona afadhali niandike mara moja, maana safari yetu ya kwanza nilikosea mimi mwenyewe, na sitaki mwingine arudie.

Kisiwa cha Lamu, upande unaotazama bahari kuu, kina ufuo wa mchanga wa kilomita 12 hivi. Unaanzia kijiji cha Shela na kuishia upande wa Kipungani, kwenye pembe ya kusini-magharibi. Katikati hakuna kijiji, hakuna kioski, hakuna mti wa kukupa kivuli. Mkono wa kushoto ni mawimbi, mkono wa kulia ni vilima vya mchanga. Kwa sisi tuliozoea kusimamisha matatu popote, ni jambo geni kabisa. Simu nayo usiitegemee.

Kosa langu lilikuwa hili: nilipanga kwa saa ya mkononi. Tukanywa chai, tukatoka saa tatu, kila mtu na kichupa chake. Kumbe siku hizo maji yalikuwa yanajaa asubuhi. Ule mchanga mgumu wa karibu na maji ulikuwa umefunikwa, ikabidi tupite juu kwenye mchanga laini, mguu unazama hadi kifundo. Kabla ya saa sita chupa zilikuwa tupu, na msichana mmoja amekaa chini, kichwa kinamgonga, maneno hayatoki vizuri. Tukamfunika leso tuliyoilowesha baharini, tukampa maji yaliyobaki, tukarudi polepole tukimshika mkono huku na huku. Alipona, lakini usiku huo sikulala. Mzee mmoja wa Shela aliniuliza, "Mwanangu, mlitoka saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu. "Saa tatu ya nani? Uliuliza maji?"

Basi hesabu yenyewe ni hii. Bahari hujaa na kupwa karibu mara 2 kwa siku, na kila siku nyakati zake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa tena kuelekea saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, asubuhi hiyo hiyo ndiyo yamejaa. Kwa hivyo angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi! Mkilala Shela mkatoka saa kumi na mbili u nusu siku ya bamvua, mnayafuata maji yakishuka, na mchanga mgumu ni wenu. Kikundi huchukua saa nne hadi tano pamoja na kupumzika.

Wenyeji hawakuanza jana kuihesabu bahari hii. Karibu mwaka 1812 jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa liliteremka Shela kuishambulia Lamu. Lilishindwa, na masimulizi yanasema walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani.

Sasa vile vilima. Vijana hupenda kuvipanda na kuviteremka kwa kuteleza, nami niliwaacha, sikujua. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote, na maji hayo matamu hukaa chini yake, yakielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukiondoa mchanga, ukijenga juu yake, au ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda na kisima huharibika. Sisi tunaonunua mtungi wa lita 20 wakati mifereji imekauka tunajua maana yake. Piteni chini, majani yanayoushika mchanga msiyang'oe, na mkiona alama za kasa aliyepanda kutaga, zungukeni.

Kila mtu abebe lita 3 za maji, si pungufu, pamoja na tende au mahamri, na kofia. Viatu vivaliwe, mchanga wa adhuhuri unaunguza. Miezi ya kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi ni makali na mkondo unavuta, kwa hivyo hakuna kuogelea, hata anayejigamba kwamba ameogelea Fourteen Falls. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, na siku moja kabla mpite kituo cha polisi kuuliza hali ya usalama. Kijijini mabega na magoti yafunikwe, na salamu ziwe za kwanza.

Kipungani akina mama wanasuka mikeka na vikapu. Nunueni pale pale, pesa ziingie mkononi mwa aliyesuka. Mashua ya kuwarudisha mji wa Lamu ipatanwe bei tangu jana yake, na msimharakishe nahodha. Mkondo ule wa mikoko huwa na maji machache asubuhi ya bamvua, kwa hiyo atawaambia mkae, mle, mpumzike. Mnamo saa tisa maji yanakuwa yamerudi, na chombo kinaelea.