Hisa za marehemu: Usiuze kabla ya kujua bei

KATIKA nyumba nyingi za Tukuyu lipo sanduku la bati ambalo halifunguliwi mpaka mzee afariki. Ndani yake hukutwa karatasi za shamba, stakabadhi za chai na, mara nyingine, karatasi yenye mhuri inayoonyesha kuwa marehemu alikuwa na hisa katika kampuni fulani.

Tuchukulie mfano wa familia ya Bagamoyo, hii ya Rungwe na siyo ile ya Pwani. Wamekuta stakabadhi ya hisa 500 za benki ya NMB. Anatokea mfanyabiashara mmoja na kuwaambia, "Hisa hizi zimeandikishwa kwa shilingi 40 kila moja. Jumla ni 20,000, lakini kwa kuwa mzee alikuwa rafiki yangu nitawapa 50,000." Ada ya shule inadaiwa. Je, wapokee?

Wasipokee. Ni kweli hisa ya NMB iliandikishwa kwa shilingi 40, lakini hiyo ni thamani ya kwenye makaratasi tu, haifuati hali ya biashara. Wananchi walipouziwa hisa hizo mwaka 2008 walilipa shilingi 600 kwa kila moja, yaani kwa hisa 500 mzee alitoa shilingi 300,000. Mwaka 2024 bei yake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilipita shilingi 5,000. Kwa bei hiyo, stakabadhi ile ina zaidi ya shilingi 2,500,000, mbali na gawio ambalo huenda halijachukuliwa.

Hata hivyo, si kila hisa ina bei sokoni. Kampuni nyingi za kifamilia hazimo katika soko hilo. Hapo hesabu ni hii: chukua mali yote ya kampuni, toa madeni, kisha gawanya kwa idadi ya hisa. Kampuni yenye mali ya shilingi milioni 60, madeni milioni 20 na hisa 10,000, kila hisa yake ina thamani ya shilingi 4,000. Angalia kama kiwanja au jengo limeandikwa kwa bei ya zamani, kwani huko ndiko thamani hujificha. Angalia pia kama kampuni inapata faida. Mwenye hisa chache asiyeweza kuamua jambo kwenye mkutano huuza kwa bei ya chini kuliko hesabu hiyo, na katiba ya kampuni inaweza kumtaka awauzie wanahisa wenzake kwanza.

Hisa za SACCOS au chama cha msingi ni jambo lingine. Kwa kawaida hizo hazipandi bei. Mwanachama hurejeshewa alichoweka. Nao wakulima wa chai wa Rungwe walipopata sehemu ya umiliki wa Wakulima Tea Company, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, waliipata kwa pamoja. Kadi ya kuuzia majani mabichi siyo cheti cha hisa.

Nini kifanyike? Kwanza, soma jina la kampuni na uulize BRELA kama bado ipo au imebadili jina. Kampuni iliyofutwa inaweza kuwa haikuacha kitu.

Pili, kaeni kikao cha familia, mpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mwende mahakamani athibitishwe. Bila barua ya mahakama na cheti cha kifo, hakuna atakayebadili jina la mwenye hisa. Kama cheti cha hisa kimepotea, toeni taarifa polisi na mwombe kingine.

Tatu, ulizeni gawio la miaka iliyopita. Wengi hulisahau kwa sababu anwani ya posta au akaunti ya marehemu ilifungwa.

Nne, kama hisa zimo sokoni, uzeni kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Atawaambia bei ya siku hiyo na makato yake.

Kama ada ndiyo inayowabana, uzeni hisa 100 tu na mbakize 400. Mkulima hauzi ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya debe la mahindi. Na wewe mzee uliye hai, waonyeshe wanao lilipo sanduku. Mali bila daftari huisha bila habari.