Kwa nini magobori ya babu zetu yalikosa shabaha

KAMANYOLA – Katika bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, wazee wanajua neno gobori: bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Mwisho wa karne ya 19, nyingi za bunduki zilizofika kandokando ya ziwa Tanganyika zilikuwa za namna hiyo.

Zilitoa kishindo na moshi mwingi, lakini shabaha ilikuwa shida. Mtutu ulikuwa laini ndani, na risasi ilikuwa ndogo kuliko tundu. Ilikuwa ikigongagonga njiani, kisha inatoka upande wowote. Baruti ikilowa au masizi yakijaa, hali ilizidi kuharibika.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Bastola ya Mmarekani Samuel Colt, ya mwaka 1836, ilitumia fataki mahali pa jiwe la cheche, risasi yenye kubana, na mifereji ndani ya mtutu inayozungusha risasi ili iende sawa.

Lakini tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels, pamoja na Kongo ya mfalme Léopold II, yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Mkataba huo uliruhusu raia wa sehemu kubwa ya Afrika kuuziwa gumegume tu, bunduki ya jiwe isiyo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Silaha zenye shabaha zilibaki hasa kwa askari wa serikali.

Kwa hiyo babu aliyekosa shabaha hakuwa mjinga. Sheria ilikuwa imekwisha kuchagua nani alenge sawa.